Ukuaji wa Jeti Binafsi na Ndege za Kikazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tukisema "ndege za kikazi" tunamaanisha zipi?

Kiswahili kina mtego kidogo hapa. "Ndege za biashara" kwa watu wengi ni zile za mashirika yanayouza tiketi. Mada yetu ni ndege isiyo na ratiba wala tiketi, inayoondoka abiria wake akiwa tayari, kwa hiyo tumechagua kuziita ndege za kikazi. Kundi hili lina jeti za kila ukubwa, turbopropu (ndege ambazo injini ya tabini huzungusha rafadha) kama Pilatus PC-12 na King Air, na katika hesabu za baadhi ya watu hata helikopta. Kwa hiyo ukikutana na takwimu, kwanza tazama kama turbopropu zimehesabiwa. Nyingi ya "tofauti" kati ya ripoti moja na nyingine huishia hapo.

Mgawanyo wa pili ni wa kisheria, nao una uzito zaidi. Mmiliki anayejirusha mwenyewe au kurusha wafanyakazi wake yuko chini ya kanuni nyepesi. Anayelipisha abiria lazima awe na cheti cha mwendeshaji na hufuata kanuni kali. Marekani wanazitaja kwa namba tu: 91 kwa mmiliki, 91K kwa umiliki wa mafungu (watu kadhaa wakimiliki ndege moja kwa sehemu), 135 kwa kukodisha. Ndege inaweza kuwa ileile, rubani yuleyule, lakini asubuhi ikaruka chini ya 91 na jioni chini ya 135.

Je, sekta hii inakua kweli?

Inategemea unapima nini, na wanaobishana juu ya swali hili kwa kawaida wanapima vitu tofauti.

Ukihesabu jeti mpya zinazotoka viwandani, jibu ni la kusitasita. Kwa takwimu za GAMA, chama cha watengenezaji, mwaka 2008 zilikabidhiwa zaidi ya jeti 1,300. Rekodi hiyo haijaguswa tena. Mwaka 2019 zilikuwa 809, mwaka 2020 zikaanguka hadi 644, kisha 710 mwaka 2021, 712 mwaka 2022, 730 mwaka 2023 na 764 mwaka 2024. Huko ni kupanda, ndiyo, lakini kwa mwendo wa kinyonga.

Ukihesabu safari na saa za kuruka, picha inabadilika. Mwaka 2021 safari zilirudi kwa kasi, 2022 zikafika kilele, 2023 zikapungua kidogo, lakini hazikurudi chini ya kiwango cha 2019. Ndege zilizopo zinafanya kazi zaidi kuliko zamani.

Na ukihesabu pesa, sekta imenenepa: jeti chache zaidi kuliko za 2008, kila moja ikiwa kubwa na ghali zaidi. Makadirio ya Honeywell, kampuni inayotengeneza injini na vifaa vya ndege, ya mwaka 2024 yalitaja jeti mpya 8,500 ndani ya miaka kumi, zenye thamani ya dola bilioni 280. Gawanya: ni wastani wa jeti 850 kwa mwaka, karibu dola milioni 33 kila moja. Wastani huo pekee unakueleza mahali fedha zilipo.

Kwa hiyo mtu akikwambia "soko limekua", muulize: idadi, saa, au dola?

Kwa nini viwanda havijarudi kwenye idadi ya 2008?

Kwanza, idadi ya 2008 haikuwa na afya. Sehemu ya oda ilikuwa ya walanguzi walioshika nafasi kwenye foleni ili waiuze kwa faida kabla ndege haijatoka. Mikopo ilipokauka, oda hizo ziliyeyuka, na jeti ndogo ndizo zilizoumia zaidi. Eclipse Aviation ilifilisika Novemba 2008. Hawker Beechcraft iliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2012 na ikaacha kutengeneza jeti. Hata Learjet, ambayo Learjet 23 yake iliruka mara ya kwanza mwaka 1963 na jina lake likawa karibu sawa na neno "jeti binafsi", ilikabidhi ndege yake ya mwisho mwaka 2022.

Pili, waliobaki walijifunza kutengeneza pungufu ya mahitaji kwa makusudi. Foleni ndefu hulinda bei. Ndege zisizo na mwenyewe zilizopangwa uwanjani huiua. Bombardier, iliyojiondoa kabisa katika ndege za abiria na kubaki na jeti za kikazi tu, ilifunga mwaka 2024 ikiwa na oda za dola bilioni 14.4.

Sababu ya tatu ni vipuri na vyeti. Jeti haikabidhiwi ikiwa na upungufu wa kitu kimoja, hata kiwe kiti. Vyuma vya kumiminwa vya injini, vali, nyaya, samani za kabati: kimoja kikichelewa, ndege nzima inangoja. Vyeti vya kuidhinisha aina mpya navyo vinachukua muda mrefu kuliko zamani. Gulfstream ilitangaza G700 mwaka 2019 ikitarajia kuanza kuikabidhi 2022, lakini FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, iliidhinisha Machi 2024. Unapoweka oda ya aina mpya kabisa, usiuze ndege yako ya zamani kwa kutegemea tarehe iliyo kwenye brosha.

Korona ilibadilisha nini hasa?

Iliwaleta watu waliokuwa na uwezo tangu zamani lakini hawakuona haja. Mashirika yalikata njia, viwanja vikawa na foleni na masharti, na mtu akagundua kwamba kupitia jengo dogo la jeti binafsi anakutana na watu wachache sana.

Kuna kichocheo kingine ambacho husahaulika. Marekani ilisimamisha kodi ya asilimia 7.5 ya tiketi za anga kuanzia mwisho wa Machi hadi 31 Desemba 2020. Aliyelipia kabla saa zake za kuruka ndani ya kipindi hicho alisamehewa kodi hata kama angeruka baadaye, na hivyo Desemba ile watu walinunua saa kwa pupa.

Mwaka 2021 walipojitokeza kuzitumia saa hizo, ndege hazikutosha. Agosti mwaka huo NetJets, mwendeshaji mkubwa kuliko wote, ilisitisha kuuza kadi za saa, yaani saa za kuruka zinazolipiwa kabla. Jeti zilizotumika zilizokuwa sokoni zilipungua kutoka karibu asilimia 10 ya ndege zote hadi karibu asilimia 3 mwanzoni mwa 2022. Watu walinunua bila ukaguzi kamili, kosa ambalo wengine wanalilipia mpaka leo kwenye karakana.

Baada ya hapo soko lilichuja. Waliouza saa kwa bei maalumu bila kuwa na ndege za kutosha walilazimika kukodi za wengine kwa bei kubwa kuliko waliyomtoza mteja. Wheels Up, iliyoingia soko la hisa mwaka 2021, ilihitaji kuokolewa na shirika la ndege la Delta na washirika wake mwaka 2023.

Kwa nini kila mtengenezaji anakimbilia jeti kubwa?

Faida kwa kila ndege ni kubwa zaidi, na mnunuzi wake hatikiswi na riba kama mnunuzi wa jeti ndogo. Mashindano yako kwenye masafa. G650ER ya Gulfstream inatajwa kwa kilomita 13,900 hivi, Global 7500 ya Bombardier kwa karibu 14,300, na Global 8000 yao kwa 14,800. Mashindano mengine, yasiyozungumzwa sana, ni ya hewa ya kabati: kwenye jeti mpya zaidi za kundi hili, ndege ikiwa kwenye kimo cha mita 12,500, mwili wa abiria unahisi kama uko chini ya mita 900, wakati ndege nyingi za abiria hukuweka kati ya mita 1,800 na 2,400. Baada ya saa kumi na mbili angani tofauti hiyo utaiona kwenye kichwa na macho.

Ila masafa ya brosha yasomwe kwa uangalifu. Yanapimwa kwa abiria wachache, mwendo wa kubana mafuta na hewa isiyo na upepo. Kwa Mach 0.85, yaani asilimia 85 ya mwendo wa sauti, ndege hukata takriban kilomita 900 kwa saa. Upepo wa mbele wa kilomita 110 kwa saa, ambao ni wa kawaida kabisa ukielekea magharibi majira ya baridi, hula asilimia 12. Kilomita 13,900 zinabaki kama 12,200, na hujaongeza abiria, mizigo wala njia ndefu ya kukwepa anga iliyofungwa. Ndege inayofika bila kutua kwenda inaweza kulazimika kutua kujaza mafuta kurudi.

Chini kabisa ya soko nako kuna uhai. Phenom 300 ya Embraer imeongoza mauzo ya jeti nyepesi kwa zaidi ya miaka kumi. PC-24 ya Pilatus inatua kwenye njia za udongo na changarawe. Vision Jet ya Cirrus ina injini moja, mwavuli wa ndege nzima, na kitufe ambacho abiria akikibonyeza rubani akiwa hajiwezi, ndege inachagua uwanja na kutua yenyewe. Wanaobanwa zaidi ni wa katikati.

Nikodi, ninunue kadi, fungu, au ndege nzima?

Anza na saa unazoruka kwa mwaka. Sifa za ndege baadaye.

Chini ya saa 25, kodi safari kwa safari. Kati ya 25 na 50, kadi ya saa ina maana kama safari zako ni za ghafla na unataka bei iliyofungwa. Soma masharti matatu kabla ya mengine: siku za msongamano ni ngapi kwa mwaka, unatakiwa kutoa taarifa saa ngapi kabla, na amana yako inakaa wapi. Kama imechanganywa na fedha za uendeshaji za kampuni, siku kampuni ikianguka wewe ni mdai kama wadai wengine.

Kati ya 50 na 200, fungu. Mfumo huu ulianzishwa na NetJets mwaka 1986: ndege inahesabiwa kuwa na saa 800 za kugawana kwa mwaka, kwa hiyo sehemu moja ya kumi na sita ni saa 50. Unalipa mara tatu: bei ya fungu, ada ya usimamizi ya kila mwezi ambayo haisimami hata usiporuka, na bei ya kila saa. Watu huangalia sana gharama ya kuingia na kusahau ya kutoka. Mkataba ukiisha, kampuni hununua fungu lako kwa thamani ya soko ya siku hiyo ikitoa ada yake ya kuliuza upya. Anayekadiria thamani hiyo ni nani? Swali hilo liwe limejibiwa kwa maandishi.

Juu ya saa 200 hadi 250, ndege nzima inaanza kujitetea. Hata hapo, gharama zisizobadilika, yaani marubani, hangari, bima, mafunzo na usajili wa programu za ramani, zinakuja ndege iruke isiruke. Kuikodisha kwa wengine hupunguza maumivu, haileti faida. Na ndege inayokodishwa huchakaa kwa kasi, kuanzia mazulia hadi injini.

Nukuu ya bei ya kukodi inatengenezwaje?

Mfano. Ndege iko kituo kilicho dakika 40 kutoka kwako. Safari yako ni saa 2, unalala usiku mmoja, unarudi saa 2. Wewe unaona saa 4. Mwendeshaji anaona hivi: dakika 40 kukufuata, saa 2, saa 2, dakika 40 kurudi kituoni, jumla saa 5 na dakika 20. Anaongeza dakika 12 za kutembea ardhini kwa kila mruko, mara nne, yaani dakika 48. Unalipia saa 6 na dakika 8.

Ukikaa siku tano badala ya moja, mara nyingi ni nafuu ndege irudi nyumbani ikufuate tena, kwa kuwa wengi hutoza kima cha chini cha saa 2 kwa kila siku ndege inayokaa mkononi mwako. Omba nukuu za namna zote mbili.

Juu ya saa hizo kuna ada za kutua na kuegesha, huduma za ardhini, malazi ya marubani, vibali vya kuvuka anga za nchi, chakula, kodi, na wakati mwingine nyongeza ya mafuta. Kitu kinachovuruga bajeti kuliko vyote ni kuondoa barafu kwenye mabawa. Hakimo kwenye nukuu, huwezi kukikwepa, na kwa jeti kubwa asubuhi yenye theluji bili yake inaweza kuwa kubwa kuliko gharama ya saa nzima ya kuruka.

Safari tupu ni nafuu kweli?

Ni nafuu, ila si zako. Ndege za kukodi huruka bila abiria mara nyingi sana, hadi safari nne kati ya kumi kwa baadhi ya waendeshaji, na wanauza viti hivyo kwa bei ya chini ili kurudisha mafuta. Lakini safari tupu ipo kwa sababu ya safari ya mtu mwingine. Huyo akiahirisha, yako inakufa, na mkataba hautakupa ndege mbadala. Itumie kwa matembezi. Kwa kikao cha kutia saini, hapana.

Kwa nini jeti niliyokodi imekataa uwanja ambao jeti ya jirani yangu inatua?

Kwa sababu jirani ni mmiliki. Chini ya kanuni za Marekani za kukodisha, ndege ya injini za tabini lazima iweze kutua na kusimama ndani ya asilimia 60 ya njia ya kurukia. Kama vitabu vinasema inahitaji mita 900, njia iwe na mita 1,500. Ikiwa imelowa, zaidi. Mmiliki anayejirusha hafungwi na sharti hilo. Baadhi ya waendeshaji wenye idhini maalumu hutumia asilimia 80, kwa hiyo inafaa kuuliza.

Sababu ya pili ni saa za marubani. Marubani wawili wa zamu wanaruhusiwa saa 10 za kuruka ndani ya zamu ya saa 14, kisha mapumziko ya saa 10. Ukichelewa saa tatu kwenye mkutano, rubani hakatai kwa kiburi.

Ya tatu ni kanuni za uwanja wenyewe. Teterboro, karibu na New York, hairuhusu ndege yenye uzito wa kuruka unaozidi pauni 100,000. G650 iliwekewa kikomo cha pauni 99,600. Si bahati nasibu.

Nanunua iliyotumika. Hatua ni zipi, na wapi watu huteleza?

Ndege iliyotumika ndiyo njia ya wengi kuingia, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

1. Barua ya nia, pamoja na amana inayorudishwa. Amana iende kwa wakala wa dhamana asiyeegemea upande wowote, kamwe isiende kwa muuzaji wala dalali.

2. Karatasi kabla ya chuma. Taka daftari za matengenezo tangu siku ndege ilipozaliwa, orodha ya maagizo ya usalama yaliyotekelezwa, na fomu za kila ukarabati mkubwa. Daftari likipotea, thamani inaporomoka hata kama ndege ni nzima, kwa kuwa sehemu zenye ukomo wa maisha, mfano diski za injini, haziwezi kuthibitishwa zimetumika mizunguko mingapi. Sehemu isiyo na historia huhesabiwa kuwa imekwisha.

3. Mkataba wa mauziano. Uandike wazi ndege ikabidhiwe katika hali gani: mifumo yote ikifanya kazi, ukaguzi wote wa kalenda ukiwa umelipiwa, bila kutu iliyo juu ya kiwango cha mtengenezaji. "Kama ilivyo" ni maneno ya miaka ya foleni. Soko likitulia yakatae.

4. Ukaguzi wa kabla ya kununua. Ufanyike kwenye karakana inayoijua aina hiyo lakini haijawahi kuitunza ndege hiyo. Fundi hapendi kuandika makosa yake mwenyewe. Injini zichunguzwe ndani kwa boroskopu (kamera nyembamba inayoingizwa kwenye injini), sampuli za mafuta zipelekwe maabara, na ndege iruke safari ya majaribio mpaka kimo chake cha juu, kwa kuwa uvujaji wa hewa ya kabati na hitilafu za mfumo wa kuzuia barafu hazionekani ndege ikiwa imeegeshwa. Weka nafasi ya karakana mapema. Mikataba mingi imevunjika kwa kukosa nafasi tu.

5. Orodha ya kasoro. Zinazogusa usalama wa kuruka hulipiwa na muuzaji. Za urembo ni za kujadiliana. Ugomvi mkubwa huwa kwenye kutu chini ya sakafu karibu na jiko na choo. Kila aina ya ndege ina sehemu hizo, na fundi mzuri hufungua hapo kwanza.

6. Ukikubali ndege kiufundi, amana hairudi tena. Siku ya kufunga, fedha, hati ya mauzo na usajili vinabadilishana kwa dakika chache. Haki zako ziandikwe pia kwenye daftari la kimataifa la Mkataba wa Cape Town wa mwaka 2001, linaloendeshwa kutoka Ireland. Mahali ndege ilipo dakika ya kufunga huamua kodi ya mauzo, ndiyo sababu jeti nyingi huhamishwa kwenda mahali fulani siku moja kabla ya kuuzwa.

Programu za injini za kulipa kwa saa zina faida gani?

Unalipa kiasi kwa kila saa unayoruka, na siku ya ukarabati mkubwa bili si yako. Kwa jeti nyepesi ukarabati huo huja kati ya saa 3,500 na 5,000 kutegemea injini. Ukiuza, ndege iliyo kwenye programu huuzika haraka. Isiyo nayo hukatwa bei kwa saa zote ambazo hazijalipiwa. Hakikisha tu kwamba mkataba unahamishika kwa mnunuzi, na usome kama kutu na kitu kilichomezwa na injini vimo. Mara nyingi havimo.

Ndege isiyoruka nayo inachakaa. Mihuri hukauka, unyevu huingia, na ukaguzi wa kalenda haungoji saa. Ndege ya saa chache sana kwa umri wake si lazima iwe lulu.

Kodi zina mchango gani katika mauzo?

Mkubwa kuliko wauzaji wanavyokiri. Marekani ilipitisha mwaka 2017 sheria iliyoruhusu biashara kukata thamani yote ya ndege kwenye mapato ya mwaka ilipoanza kutumika. Nafuu hiyo ikashuka hadi asilimia 80 mwaka 2023 na 60 mwaka 2024, kisha sheria iliyotiwa saini 4 Julai 2025 ikarudisha asilimia 100 kwa ndege zilizonunuliwa baada ya 19 Januari 2025. Ndiyo maana Desemba za soko hili huwa na pilikapilika.

Tahadhari: zaidi ya nusu ya matumizi lazima iwe ya biashara, kila mwaka. Ukiteleza chini ya hapo, nafuu uliyochukua hudaiwa. Weka daftari la kila abiria na sababu ya safari yake siku hiyohiyo.

Nitajuaje kama anayenikodisha ana kibali?

Omba namba ya cheti cha mwendeshaji na namba ya usajili wa ndege, kisha hakikisha ndege hiyo imo kwenye orodha ya cheti hicho. Mwendeshaji halali huvitoa bila kuguna. Dalili za hatari: bei ya chini kupita kiasi, malipo kwa jina la mtu binafsi, au kuambiwa "ukiulizwa, sema sisi ni marafiki na tunachangia mafuta". Wengine hukutilisha saini ya kukodi ndege kwa mkataba mmoja na marubani kwa mwingine. Kwa saini hiyo unageuka wewe kuwa mwendeshaji, na bima inaweza kukukana.

Mchezaji mpira Emiliano Sala alikufa Januari 2019 katika ndege ya injini moja iliyokuwa ikimpeleka Cardiff kutoka Nantes, safari ya kulipia ambayo haikuwa na kibali cha kibiashara. Aliyeipanga alifungwa.

Je, hoja ya mazingira itapunguza ukuaji?

Itapandisha gharama kwanza. Utafiti uliochapishwa Novemba 2024 uliofuatilia karibu ndege 26,000 ulikuta kwamba hewa ukaa ya jeti binafsi iliongezeka kwa asilimia 46 kati ya 2019 na 2023, na kufika angalau tani milioni 15.6. Karibu nusu ya safari zilikuwa chini ya kilomita 500. Namba hiyo ya mwisho ndiyo inayowauma watetezi wa sekta, ingawa sehemu ya safari hizo fupi ni ndege tupu zikifuata abiria.

Mafuta mbadala yanayoruhusiwa leo huchanganywa hadi asilimia 50 na ya kawaida, hayahitaji kubadili injini, na yakiwa halisi hupunguza hewa ukaa hadi asilimia 80 ukihesabu tangu malighafi. Novemba 2023 Gulfstream ilivusha G600 Atlantiki kwa mafuta hayo matupu. Kikwazo ni upatikanaji na bei. Umoja wa Ulaya umelazimisha wauzaji wachanganye asilimia 2 kuanzia 2025 na 6 ifikapo 2030. Ufaransa, kuanzia Machi 2025, hutoza kati ya euro 210 na 2,100 kwa kila abiria wa ndege hizi kulingana na aina ya ndege na umbali.

Na faragha?

Tangu 2020 karibu kila ndege katika anga la Marekani hutangaza mahali ilipo, na mtu mwenye kipokezi cha bei ndogo anaisoma. FAA ina mpango wa kuficha data inazozitoa yenyewe na mwingine wa kukupa namba ya muda. Hakuna unaozuia kijana aliye na antena juu ya paa. Wanaohitaji siri kweli hukodi, kwa kuwa ndege ya kukodi haisemi imembeba nani.

Nifuatilie dalili zipi kujua soko linaelekea wapi?

Nne zinatosha. Ya kwanza ni uwiano wa oda mpya kwa ndege zinazokabidhiwa, unaotolewa kila robo mwaka na makampuni yaliyo kwenye soko la hisa: ukikaa juu ya moja foleni inarefuka, ukiwa chini kwa robo tatu mfululizo anza kuomba punguzo. Ya pili ni asilimia ya ndege zilizotumika zilizo sokoni. Karibu na 10 ni soko tulivu. Chini ya 5 muuzaji ndiye mfalme. Baada ya mtikisiko wa 2008 ilipita 15. Lakini chambua umri: rundo la ndege za miaka 25 sokoni halimsaidii anayetafuta ya miaka mitano.

Ya tatu ni saa za kuruka kwa kila ndege, hasa za makampuni ya mafungu, ambayo yananunua kwa mikataba mirefu na ndiyo yanayoshikilia foleni za viwanda. Ya nne ni muda wa kungoja nafasi ya karakana. Haichapishwi popote. Piga simu karakana tatu, uliza tarehe ya karibu ya ukaguzi wa kabla ya kununua. Wakikupa wiki ijayo, mauzo yamepoa.